Munkoyo wa arusi na chupa ya kificho



Kiangazi kimefika, na arusi zimefika pamoja nacho. Jumamosi moja unaalikwa mahali pawili au patatu, na kila mwenye arusi anakuna kichwa juu ya neno lile lile: watu watakunywa nini? Mama mmoja wa Likasi ameniandikia barua. Anamwoza binti yake, anangojea wageni 100, na feza ya bia na sukre haitoshi. «Pasta,» anasema, «nataka kutengeneza munkoyo ya kutosha bantu bote. Lakini baba wadogo ya binti wanakatala. Wanasema munkoyo ni kinywaji ya batoto, tuutie kwanza nguvu. Nifanye je?»

Mama, jibu langu ni fupi. Tengeneza munkoyo, na hao baba wadogo uwape kazi ya kutafuta makala. Lakini ninajua kwamba barua yako ni barua ya nyumba nyingi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Nitasema kwanza namna ya kuupika munkoyo wa watu wengi usikuaibishe, halafu nitasema juu ya hiyo «nguvu» wanayoitaka.

Munkoyo ulikuwa hapa kwetu mbele ya kampuni. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka 1910, na wanaume wengi walioingia katika mashimo ya kwanza walitoka pande za Wabemba na Walamba, huku na ng'ambo ya mpaka. Mpaka ulikata nchi, haukukata kinywaji. Hata leo ukivuka Kasumbalesa utakuta munkoyo upande wa Zambia kama upande wetu, na jina ni lile lile. Kwa hiyo kijana anayesema kwamba ni kinywaji cha kijijini kisichofaa arusi ya mji, umwulize mji huu ulijengwa na watu waliokunywa nini.

Sasa tuingie jikoni.

Munkoyo una vitu vitatu tu: unga wa mahindi, maji, na mizizi ya mmea wa porini ambayo nayo tunaiita munkoyo. Watu wengi wanadhani mzizi ni wa kuleta harufu na ladha, kama vile tangawizi. Sivyo. Mzizi ndio mfanyakazi. Chukua bukari kidogo, bila mboga, utafune muda mrefu bila kumeza. Baada ya dakika 1 au 2 utasikia utamu kinywani. Mate yako yamekata wanga wa unga na kuufanya sukari. Mzizi wa munkoyo una nguvu ya namna hiyo ndani yake, nayo wenye elimu wanaiita amilasi. Ndiyo sababu uji mzito ukitiwa mzizi unalegea, unakuwa maji, tena unakuwa mtamu na hakuna mtu aliyetia sukari. Mwaka 1997 watafiti walichapisha kazi yao juu ya munkoyo wa Zambia wakieleza jambo hilo hilo la mzizi kukata wanga, lakini mabibi zetu waliupika hivyo zamani sana bila kungojea kitabu.

Ukielewa neno hili moja, utaelewa kwa nini munkoyo wa watu wengine unaharibika. «Munkoyo yangu inakatala kuwa maji, inabakia buji tu.» Nimesikia malalamiko haya mara nyingi. Karibu kila mara sababu ni moto. Mama ana haraka, uji bado unatokota, yeye anatupa mizizi ndani. Moto mkali unaua ile nguvu ya mzizi kwa dakika chache, na hata ukiongeza mafungu matatu juu ya uji ule unaochemka hautalegea. Au kinyume chake: uji umelala mpaka umekuwa baridi na mgumu, na mzizi unafanya kazi polepole sana. Unataka uji wa moto wa katikati. Ukiweka kiganja ubavuni mwa sufuria na unaweza kuhesabu mpaka 5 bila kukiondoa, lakini hupendi kuhesabu mpaka 10, hapo ndipo.

Kwa watu 100, ukimhesabia kila mtu nusu lita, unahitaji lita 50. Usipike lita 50 katika chombo kimoja. Pika mara tano, lita 10 kwa lita 10, ili moja ikiharibika usipoteze zote. Kwa kila lita 10 za maji, kilo 1 ya unga inatosha. Wengine wanatia unga uliokobolewa, mweupe sana. Mimi ninapenda ule wa kinu cha mtaani wenye pumba kidogo, kwa sababu kinywaji kinakuwa na mwili. Koroga unga katika maji baridi kwanza, umimine katika maji yanayochemka, uache utokote zaidi ya nusu saa huku unakoroga. Usiwe mvivu hapa. Unga usioiva vizuri hautoi utamu, na mgeni ataonja unga mbichi hata kama atanyamaza kwa adabu.

Mizizi uinunue mapema, siku nne au tano mbele ya arusi, kwa mama wa sokoni unayemjua. Porini kuna mizizi mingi inayofanana, na ile inayoitwa munkoyo yenyewe si ya mmea mmoja tu. Usimtume kijana aende kuchimba mzizi asioujua eti kupunguza gharama. Yule mama anayeuza kila siku amekwisha kujaribu mizizi yake kwa wateja wake wote, na hiyo ni dhamana kubwa. Ukifika nyumbani, fanya jaribio. Pika kikombe kimoja cha uji, ukiache kipoe kidogo, utie mzizi uliopondwa kiasi cha vidole vitatu, ufunike. Baada ya saa 1 uji uwe unamiminika kama maji. Ukibaki mzito, mizizi ile ni mizee au imelala jua mno, nawe bado una siku za kununua mingine. Anayejaribu mizizi siku ya kupika anajaribu Mungu.

Osha mizizi, uondoe udongo wote, uiponde katika kinu mpaka iwe nyuzinyuzi kama kamba iliyochakaa. Kwa lita 10 utatumia inayojaza mikono miwili iliyokunjwa pamoja, zaidi kidogo ikiwa jaribio lako lilichelewa. Utie katika uji wa moto wa katikati, ukoroge, na utaona kwa macho yako: mwiko uliokuwa unasimama unaanza kuanguka. Watoto wa nyumba wanapenda sana kutazama saa hii, waite. Baada ya saa 1 au 2, kamua na uchuje kwa kitambaa safi.

Munkoyo huu wa saa ile ni mtamu, haujachachuka bado, na wako wanaoupenda hivyo hivyo. Lakini munkoyo wa kweli unalala. Usiku ule vijidudu vizuri vinakula sehemu ya ile sukari na kutoa ukali kama wa maziwa ya kuganda. Ukali huo una faida, kwa sababu unazuia vijidudu vibaya vingi visikae humo. Baadaye chachu nayo inaanza kazi, na chachu inatoa alkooli. Siku ya kwanza alkooli ni kidogo sana. Siku ya pili inapanda. Siku ya tatu na ya nne, hasa wakati wa joto, munkoyo unaanza kugonga kichwa, na povu lake si lile la jana.

Kwa hiyo, Mama wa Likasi, arusi yako uihesabu kwa kurudi nyuma. Kama watu watakunywa Jumamosi saa 8 ya mchana, katika baridi hii ya Juni na Julai upike Alhamisi jioni, kwa sababu usiku wa kwetu ni wa baridi na uchachu unatembea polepole. Kama arusi ingekuwa Oktoba, wakati jua linapasua vichwa, Ijumaa jioni ingetosha. Kisha uonje. Ulimi unajua zaidi kuliko saa. Ukitaka watoto na wazee wenye ugonjwa wapate wao, pika sufuria moja Jumamosi asubuhi, wapewe ile tamu, na uiweke mbali na ile nyingine.

Sasa vyombo, na hapa ninyi wa maeneo ya migodi mnisikilize vizuri kuliko wasomaji wengine.

Katika masoko yetu wanauza mapipa ya plastiki ya buluu na bidoni kubwa nyeupe, yametoka viwandani. Ni mazuri, yana mifuniko, yanabeba lita nyingi, na bei ni ndogo. Lakini mengine yalibeba nini? Viwanda vya shaba na kobalti vinatumia asidi ya sulfuriki kuyeyusha madini, na vinatumia dawa nyingine kuelea madini juu ya maji. Vitu hivyo vinasafiri katika mapipa. Plastiki inakunywa sehemu ya kilichokaa ndani yake, na sabuni yako haifiki huko. Ukitia kinywaji chenye ukali, ukali ule unakwenda kutafuta kilichojificha. Pipa usilojua lilikotoka liwe la kubeba mchanga wa kujengea, lisiwe la munkoyo. Hata kama muuzaji anaapa kwamba lilikuwa la mafuta ya kula, unuse, uangalie maandishi na alama, na kama lilipakwa rangi juu ya maandishi uliache hapo.

Vilevile ndoo za bati zilizopakwa zinki, na sufuria za shaba. Uji uupike katika sufuria yako ya kila siku, lakini kinywaji kinachochachuka kisilale katika zinki wala shaba. Ukali unakula chuma kile, na wageni wataumwa tumbo na kutapika, halafu watasema jirani aliroga arusi. Kibuyu, mutungi wa udongo, bidoni ya mafuta ya kula uliyoinunua mwenyewe ikiwa imejaa, hivyo ndivyo vyombo.

Na maji. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya tumbo. Hakuondoi madini. Maji ya mto unaopita chini ya mahali pa kuoshea mawe, hata ukiyachemsha saa 3, madini yatabaki humo, tena yatakuwa mengi zaidi kwa kila kikombe kwa sababu maji yamepungua kwa mvuke. Kama mtaa wako hauna bomba wala kisima kizuri, ni afadhali ulipe kijana wa kusukuma baiskeli alete maji kutoka mahali panapoaminika. Feza hiyo ni ndogo kuliko bei ya kreti moja ya bia.

Basi turudi kwa baba wadogo.

Wanasema munkoyo hauna nguvu. Ninawajua watu hawa, wako katika kila jamaa, na wengi wao ni watu wazuri wanaopenda arusi ichangamke. Wanafanya hivi: jioni, wakati akina mama wanapakua chakula, mmoja anakuja na bidoni ndogo ya lutuku chini ya koti, anaimimina katika pipa la munkoyo, anakoroga, anafunika. Katika arusi za wenye feza wanafanya neno lile lile kwa jina la kizungu, wanaliita ponchi: nanasi, machungwa, sukre, na chupa mbili za whisky chini yake. Wengine wanatumia pombe kali ya vifuko vidogo vya plastiki, vile ambavyo Zambia ilivipiga marufuku mwaka 2012 chini ya jina la tujilijili. Njia ni moja. Utamu na uchachu vinafunika ukali, na mnywaji hajui anakunywa nini.

Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu haina ubishi. Una lita 20 za munkoyo. Mtu anatia lita 3 za lutuku. Hakuna anayejua ukali wa lutuku ile, chupa yake haina maandishi, lakini tuseme ni alkooli 40 kwa 100. Hiyo ni lita 1 na desilita 2 ya alkooli tupu katika lita 23. Sasa pipa zima ni zaidi kidogo ya 5 kwa 100, yaani sawa na bia. Kikombe kimoja cha theluthi ya lita ni chupa ndogo ya bia. «Pasta, bia tu!» watasema. Ndiyo. Lakini anayekunywa bia anajua kwamba anakunywa bia.

Mtazame mtoto wa miaka 6, mwenye kilo 20. Amecheza tangu asubuhi, ana kiu, na mama yake mwenyewe amemwambia: nenda ukanywe munkoyo. Kwa mwili wake kikombe 1 ni kama vikombe 3 na nusu kwa mtu wa kilo 70. Na mtoto hasimami kwenye kikombe 1, kwa sababu ni kitamu. Akinywa 3, ni kama baba yake amekunywa zaidi ya 10. Watu wanacheka wakimwona anayumba katika dansi. Wasicheke. Alkooli inashusha sukari katika damu ya mtoto mdogo, na inaweza kuishusha saa nyingi baadaye, wakati amelala na kila mtu anasema «amechoka na arusi». Mtoto wa namna hiyo anakuwa baridi, anatoka jasho, anaweza kupata degedege, anaweza kukosa kuamka. Ukiona mtoto ameyumba au ana usingizi usio wake, usimwache alale mpaka asubuhi. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpe maji ya sukari kidogo kidogo. Kama hana fahamu, usimtie kitu kinywani, mlaze kwa ubavu, na umpeleke hospitali usiku ule ule. Usimlazimishe kutapika.

Mtazame pia mjomba ambaye ana kazi asubuhi. Amekula vizuri, hanywi bia kwa sababu kesho anaingia shimoni saa 12 ya asubuhi, au anaendesha lori la madini kwenye barabara ya Kolwezi. Kwa hekima yake amechagua munkoyo. Mwili wa mtu mzima unahitaji karibu saa 2 kumaliza kikombe kimoja cha namna ile tuliyohesabu. Akianza saa 4 ya usiku na kunywa 6, mwili utamaliza kazi karibu saa 4 ya asubuhi. Yeye saa 12 tayari amevaa kofia ya chuma na anasema yuko mzima, kwa sababu kwa kujua kwake hakunywa kitu. Kama lori litapinduka, ni nani aliyelipindua?

Na dada mwenye mimba. Na mzee anayekunywa dawa za kifafa au za kifua kikuu. Na yule ndugu aliyeacha pombe miaka 4 iliyopita baada ya kuuza hata kitanda cha nyumba, ambaye mkewe amemleta arusini kwa sababu aliambiwa kwamba kutakuwa munkoyo tu. Huyo ninamfikiri kuliko wote. Wengine walimpiga vita miaka 4, yeye akashinda, halafu mtu anayecheka anamwangusha kwa kikombe kimoja.

Nimesikia wanaume wakinitupia arusi ya Kana. Ninawajibu hivi tu: pale Kana mkuu wa karamu alionja, akajua kwamba ni divai, akamwita bwana arusi na kumwambia kwamba ni divai nzuri. Hakuna aliyenyweshwa kwa udanganyifu. Kwa hiyo Kana msiilete katika shauri la bidoni ya chini ya koti.

Tena lutuku yenyewe. Sizungumzi juu ya wajane wanaoipika ili watoto wasome, neno lao ni refu na siwezi kulimaliza katika ukurasa huu. Ninazungumza juu ya kile kinachouzwa kama lutuku katika sehemu zetu, ambapo viwanda viko karibu na alkooli ya viwandani inaweza kupita ukutani. Kuna aina ya alkooli inayoitwa metanoli, inafanana na nyingine kwa macho, inanukia karibu sawa, na inaua. Mnywaji anasikia ulevi wa kawaida, analala, na baada ya nusu siku au siku nzima anaanza kuona ukungu machoni, tumbo linauma, anapumua haraka. Huyo hana «hangover» ya kungojea iishe. Apelekwe hospitali mara moja na waambiwe alikunywa nini, kwa sababu macho yake na uhai wake viko katika saa hizo chache.

Sasa, Mama wa Likasi, utafanya je na baba wadogo? Kugombana nao mbele ya wakwe si vizuri. Lakini una njia. Kwanza, munkoyo uwe na mlinzi. Chagua shangazi mmoja mwenye sauti, umpe kiti karibu na mapipa, awe yeye peke yake anayeshika kikombe cha kuchotea. Wanaume wanaogopa mkubwa wa kanisa kidogo, lakini shangazi wanamwogopa sana. Pili, mifuniko ifungwe kwa kamba mpaka saa ya kugawa, na mapipa yakae ndani ya nyumba, si nyuma ya nyumba karibu na ukuta. Tatu, mtume mzee wa jamaa awaambie hao baba wadogo mapema, wiki hii, bila hasira: wanaotaka bia wanunue bia yao, waiweke mezani kwao, katika chupa zake, kila mtu aione. Nitasemwa na ndugu zangu wachungaji kwa maneno haya, ninajua. Lakini kati ya chupa iliyo mezani na chupa iliyo ndani ya pipa la watoto, mimi ninajua ni ipi inayonikosesha usingizi.

Kama wanataka nguvu katika ulimi, iko. Ponda tangawizi mbichi, chemsha katika maji kidogo, chuja, utie katika munkoyo uliochachuka saa chache mbele ya kugawa, na limau mbili au tatu kwa lita 10. Itachoma koo kama pombe kali na kutoa machozi, na yule baba mdogo anayejisifu kwa nguvu atakohoa mbele ya wote. Nimeona wazee wakirudi mara ya tatu na kuuliza, «Humu mulitia nini?» Waonyesheni kinu na maganda ya tangawizi.

Neno moja juu ya kile kitakachobaki. Munkoyo wa Jumamosi usiwape watoto Jumatatu. Kufika hapo ni siku ya nne, umekwisha kuwa kitu kingine, hata kama hakuna aliyeutia kitu. Wagawie majirani wakubwa Jumapili mchana, uwaambie ni wa siku ngapi, na kinachobaki ukimwage kwenye migomba. Lakini kibuyu kile usikioshe kwa sabuni kama unapenda munkoyo. Suuza kwa maji safi tu, ukitundike kikauke. Ile chachu njema iliyobaki ukutani mwake ndiyo itakayoanzisha munkoyo wa arusi inayofuata, na ninasikia kwamba binti wa pili naye amekwisha kuchumbiwa.